Wali wa Kugusa Kalimantan

Mjukuu wangu Zainabu,

Mwanangu sasa hivi amevua soksi akazitia kwenye jagi la maji, ananitazama aone nitasema nini. Sisi wa Minneapolis tu wazima. Wala usicheke nikijiita bibi. Mdogo wa mwisho wa bibi yako ni bibi vilevile.

Unasema uko kisiwani Kalimantan na begi lako la mgongoni, siku ya tatu umejifungia gesti. Waogopa kuingia nyumba za watu usije ukakosa adabu, na wafikiria kurudi nyumbani. Mimi nilikosea hukohuko, kabla sijaolewa. Mama mmoja alinitengea wali. Nikafanya kama tulivyofunzwa Mombasa: nikasema nimeshiba, nikingoja anibembeleze. Hakubembeleza. Nikaaga na njaa yangu.

Nakaribia mashua ya kunirudisha, namwona yule mama yuaja mbio na sahani, anapiga kelele. Nikajua nimemkosea. Binti yake, aliyemfuata nyuma, akanieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza: "Dada, ukikataa chakula ukaondoka hivi hivi, njiani utapata mabaya. Gusa tu!" Nikagusa wali kwa kidole. Yule mama akashusha pumzi, akacheka: "Haya, sasa nenda!"

Kumbe hakukasirika; alikuwa akinihofia mimi.

Basi kesho ukikaribishwa, ingia. Ukikosea, simama wakufikie, maana mtu hamkimbilii mgeni mpaka mashuani kama hamtakii heri... Haya, mume wangu, huyu babu yako, ananiita nikasukume gari, limekwama kwenye theluji.