Mstari wa Loitokitok

Lucy, wacha hata salamu. Bwanangu Mwololo amefiwa na babake.

Unajua vile Mwololo huandika kazi zake zote kwa ile faili ya Notepad kwa kompyuta. Kazi ikiisha anafuta mstari. Isipoisha anaisukuma kesho. Sasa ile ya babake huko kwao, "Kwenda kuona mzee Loitokitok", imesukumwa tangu watu wapande mahindi. Kila siku kesho, kesho. Na vile nilikuwa namcheka.

Leo asubuhi dadake Muthoki amepiga simu, akasema tu, "Mzee ametuacha." Mwololo hakulia. Alienda kwa kompyuta akafungua faili. Lucy, alifungua faili.

Kidole kilikaa juu ya batani ya kufuta mpaka chai ikapoa.

Nikamwambia, "Wacha hiyo kitu, ukuje ukae." Akaniuliza polepole, "Nikifuta, si itakuwa ni kama nilienda?"



Muthoki akapiga tena, mazishi ni Jumamosi.

Mwololo hakubadilisha neno hata moja ya ile kazi. Bado imeandikwa "Kwenda kuona mzee Loitokitok." Ametoa tu tarehe ya kesho, akaweka Jumamosi.