Machela ya Kyarumba

Mpwa wangu Kavira,

Pokea salamu za mtu ambaye malori ya mpakani Mpondwe yakimwona yanapunguza mwendo. Sisi wazima. Mama yako anavuna maharage, nami namsimamia kutoka kivulini.

Unauliza ni lini watu wa Kampala wataacha kukuita mgeni. Halafu unasema jirani alikuletea uji ulipougua, ukamrudishia. Sasa sikiliza.

Nilipotoka Butembo, Kongo, nikiwa kijana, nilipanga chumba Kyarumba, milimani huku Uganda. Huko mgonjwa hushushwa mlimani kwa machela, na kila nyumba hutoa mbebaji. Mimi sikuitwa kamwe. Siku moja jirani akashikwa na uchungu wa kuzaa, na wabebaji hawakutosha. Mzee mmoja akanigeukia.

"Wewe mukongomani, bega iko?"

"Iko, muzee."

"Basi leta."

Tulishuka mbio. Mabega yangu unayajua, yalibeba nusu ya uzito. Tulifika zahanati, mtoto akazaliwa, vigelegele vikapigwa. Tangu siku hiyo waliniita mutoto yetu.

Kwa hiyo kesho nenda kwa jirani, umwombe ule uji. Unywe wote mbele yake.

Ila hili usimwambie mama yako. Kichanga kilipolia, mimi nilizimia. Walinipandisha mlimani kwa machela ileile, wakipokezana na kucheka njia nzima. Yule mzee akawa anawatangazia watu njiani, "Leo tumepata watoto mbili. Hii kubwa ndiyo nzito."

Mjomba wako, Bwera