Pampu Niliyoisikia Magadi

Kitengela,
Jumapili, baada ya ibada

Mpenzi Mama Mwende,

Salamu zikufikie wewe kwanza, halafu watoto, halafu mbuzi, kwa mpangilio huo huo. Barua yangu ya mwisho ilianza na mbuzi ukaniuliza kama niliwaoa wao. Hamjambo? Kikohozi cha mama yangu, Mwaitu, kimetulia? Mvua huko Mwingi imeonyesha dalili yoyote? Hapa ni vumbi na upepo tu, na simu ya kibandani imekatwa waya tena. Mimi sijambo. Hiyo sijambo nitaieleza, maana kwa muda mrefu nimekuwa nikiiandika kwa mazoea.

Kaka yako alinifikishia barua yako nami nikaisoma mara mbili. Unauliza kama kuna mwanamke huku. Hakuna. Unauliza kama nimerogwa, na unasema Mwaitu anawajua watu wa maombi. Sidhani. Mchawi angenikuta saa ngapi, na mimi sikuwa na saa yoyote? Halafu umesema Pasaka nisije kama ninakuja kukaa tena kama mgeni aliyekosea boma. Hilo lilinichoma.

Najua unakumbuka Krismasi. Mwende alinisimulia vile alivyokuwa wa pili darasani, nami nikamtazama kama mtu anayetazama lori likipita. Ulidhani nina hasira. Sikuwa na hasira, Mama Mwende. Sikuwa na kitu chochote ndani, hata hasira.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Pale Isinya mimi ni supavaiza wa chumba cha kupangia maua. Waridi huletwa kutoka shambani kwa ndoo, wasichana wanapima urefu wa bua na kufunga, kisha mimi napitia kila fungu. Bua lililopinda natoa, jani lenye doa natoa. Mafungu mazuri yanaenda chumba cha baridi, halafu uwanja wa ndege. Kuna siku moja Februari ambapo watu wa Ulaya hupendana wote kwa pamoja, na kupendana kwao kunaanza kututesa sisi tangu Novemba. Tunaingia kukiwa giza na kutoka kukiwa giza. Ilifika mahali nikifumba macho naona mabua. Nikikutana na mtu barabarani nampima urefu.

Siku hiyo yao ilipopita, wafanyakazi walinikuta nimesimama mlangoni mwa chumba cha baridi, mkono kwenye kitasa, sijui kama naingia au natoka. Walicheka. Nami nikacheka kwa sababu wao walikuwa wanacheka. Daktari wa zahanati akapima malaria, akapima taifodi, hakupata kitu. Akanipa ruhusa ya kupumzika, nikalala chumbani nikiangalia mabati, usingizi usije. Na wakati huo huo meneja alikuwa ameniambia kwamba msimamizi mkuu wa upangaji maua anaondoka, nafasi ni yangu nikiitaka, nimpe jibu likizo ikiisha.

Hapo ndipo anapoingia Lemayian. Huyu ni askari wa geti letu, Mmaasai wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilikuwa nimepita kuchukua koti langu. Akanisalimu, "Supai," nami nikapita bila kuitikia "epa", kitu ambacho kwao ni kama kumkanyaga mtu mguu. Akanifuata.

"Wewe Mkamba, hiyo si ugonjwa ya sindano," akasema. "Punda ikivuta mkokoteni mpaka isahau kula, hauipatii dawa. Unaifungua. Mimi naenda Magadi kuona dada yangu. Twende nikuweke kwa maji."

Unanijua. Mimi ni mtu wa Mwingi, maji yanayozidi karai yananitia wasiwasi. Lakini sikuwa na nguvu hata ya kukataa, kwa hivyo nikaenda.

Magadi ni ile ile unayotia kwenye sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yakikataa kuiva. Huko kuna ziwa zima lake, jeupe, na joto linakupiga usoni ukishuka tu kwenye gari. Mwisho wa ziwa maji ya moto yanatoka ardhini, na wazee wa huko huenda kulaza migongo na miguu inayouma. Niliingia na kaptula, nikinyanyua miguu kama kuku kwenye matope. Mara mikono ikawaka. Miiba ya waridi imenichanja kila mahali, na chumvi ile haina huruma. Nikageuka nitoke.

"Ngoja," Lemayian akasema. Alikuwa amekaa majini hadi kifuani kama mtu aliye sebuleni kwake. "Hiyo ni mlango tu. Pita."

"Nitazama."

"Maji hii ni nzito, haimezi mtu. Lala mgongo. Kichwa nitashika mimi."

Nikalala. Miguu ikainuka yenyewe bila kuulizwa. Masikio yakaingia ndani ya maji na dunia ikanyamaza. Halafu nikasikia pampu. Du, du, du. Naijua sauti hiyo, ya kule shambani hupiga hivyo ikinyunyizia maua. Nikapandwa na hasira, ya kwanza tangu sijui lini.

"Hata huku wameleta pampu?" nikamwuliza. "Iko wapi?"

Akatazama huku na huku. Kulikuwa na ndege tu na chumvi. "Pampu gani?"

"Weka masikio ndani utaisikia."

Akaweka, akasikiliza, akainuka maji yakimtiririka. Kisha akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo kidogo.

"Hapa hakuna pampu," akasema. "Hiyo ni wewe."

Nikalala tena kuhakikisha. Kweli, ilikuwa ni mimi. Nikalia, Mama Mwende, nikiwa chali hivyo hivyo, machozi yakiingia masikioni, na Lemayian akageuka akajifanya anatazama ndege. Jioni, kwa dada yake, nililala juu ya ngozi mpaka jua likanikuta. Tulirudi majini kila asubuhi. Siku ya mwisho nikasikia njaa, njaa ya kweli, na katikati ya kula nikakumbuka kwamba Mwende alikuwa wa pili na mimi sikumwuliza wa kwanza alikuwa nani. Tafadhali mwulize. Nataka kujua.

Sisemi nimepona. Mabua bado nayaona, ila si kila nikifumba macho. Niliporudi nilimwambia meneja nafasi ile ampe mwingine, mimi anipeleke kwenye kitalu cha miche, kule watu hutoka jua likiwa bado juu. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Mshahara utapungua, na mabati ya jiko yatasubiri. Wewe ndiye unayepikia kwenye mvua, kwa hivyo ukikasirika una haki, niandikie ukali wako wote nitausoma. Lakini ningekubali ile kazi ungepata mabati na mimi usingenipata.

Msalimie Mwaitu, mwambie watu wa maombi waniombee tu, si vibaya. Msalimie mama yako, na baba mdogo Kilonzo, mwambie jembe lake nalikumbuka. Kaka yako anakuletea bonge la magadi nililookota mwenyewe. Tia kidogo tu, ni kali kuliko ya dukani.

Pasaka nitakuja. Kiti cha wageni usinitolee. Nikilala, weka sikio kifuani pangu usikilize. Ukiisikia ile pampu, mwamshe Mwende umwambie baba yake amefika.

Mumeo,
Baba Mwende