Kitita Ambacho Hakikufika Kiboriloni

S.L.P. 74,
Kianjai,
Meru.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Kajuju,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Anko Anaeli na watoto, na kwamba baridi ya huko chini ya mlima haiwasumbui sana mwezi huu. Sisi hapa tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Mahindi tumevuna, si mengi. Maharagwe ya Mama yalipigwa na mvua ya mawe mwezi wa tano, lakini hatulali njaa.

Huenda unajiuliza huyu anayekuita Shangazi ni nani. Mimi ni Mutwiri, mtoto wa pili wa kaka yako Kiambi. Ulipoondoka kwenda Tanzania nilikuwa bado sijazaliwa. Sasa nasomea ualimu huko Embu, mwaka wa tatu. Picha yako ya zamani, ile umevaa sare ya kwaya, iko ukutani sebuleni, na mgeni akiuliza tunamwambia huyo ni shangazi yetu wa Moshi. Namba ya simu aliyokuwa nayo Mama ilizimika mwaka juzi, ndiyo maana nimetumia anwani iliyo kwenye kadi yako ya Krismasi.

Shangazi, barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana. Kuna habari ambayo ilipaswa kukufikia siku za Pasaka, na haikufika kwa sababu yangu. Babu aliwaita nyumbani. Aliwaita wewe na mume wako, kwa njia ya heshima kabisa, na mimi niliyetumwa sikufikisha. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, ingawa haki ya kukasirika unayo.

Mambo yalianza na ile kadi. Ulitia ndani picha ya kijana wako, na nyuma yake ukaandika, "Muthamia, miaka kumi na tano." Babu hakujua kwamba huko Moshi kuna mtu anayeitwa kwa jina lake. Alimwambia Mama asome tena. Halafu tena. Kisha akaichukua ile picha akaitia kwenye mfuko wa koti, na mpaka leo iko humo, pembe zote zimepinda. Hatukumwuliza, maana unamjua baba yako.

Mwezi wa nne marafiki zangu wa chuoni wakapanga safari ya kwenda kuona Kilimanjaro. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Oscar wa Kanja, ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila kuchekesha watu. Nthiga wa kutoka Mbeere, mtu wa maneno machache. Na Karimi wa Ruiri, ambaye ndiye pekee aliyebeba akili katika msafara ule. Ilikuwa safari ya watu wasio na kitu. Tulibeba nduma za kuchemsha, njugu na blanketi zetu wenyewe. Huko Moshi sisi wavulana tulilala sakafuni katika chumba kimoja, na Karimi akalala na binti za mwenye nyumba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga nje ya Kenya, na furaha tuliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Nilipomwambia Babu kwamba naenda Moshi, aliniuliza kama ni Moshi ile ile. Nikasema ndiyo. Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu akaniita nipite nyumbani. Nilimkuta ameketi uani, amezungukwa na majani ya migomba. Mzee Mutegi, jirani yetu, alikuwa amemchumia miraa kutoka ile miti mikongwe ya mbaine iliyo nyuma ya boma, ile iliyopandwa na baba yake, na Babu alikuwa anaifunga mwenyewe. Vijiti vingine vilikuwa vikimponyoka vidoleni. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. Alipomaliza alizungusha kamba ya mgomba, akakaza fundo kwa meno machache aliyobaki nayo.

"Hii umpe mume wa Kajuju mkononi," akaniambia. "Si Kajuju, mume wake. Usimpe mtu mwingine, na usiifungue."

Nikasema sawa. Nilidhani ni zawadi tu, kama vile mtu anavyomtumia jamaa yake parachichi.

Tulifika Namanga saa saba mchana, jua kali na foleni ndefu. Kondakta aliona majani ya mgomba yakichungulia kwenye begi langu. "Wewe Mmeru, hiyo kitu haivuki," akasema. "Huko ni kama bangi. Utalala ndani." Shangazi, sikujua. Babu naye hakujua, kwa sababu kwake yeye miraa ni heshima popote inapokwenda. Tukasimama kando kushauriana. Nthiga akasema tuitupe tu. Oscar akashika kichwa. "Kutupa? Mbaine kama hii? Bro, hiyo ni dhambi. Wacha tuimalize hapa hapa." Karimi akaichukua, akaigeuzageuza, akaniambia, "Mutwiri, hii haijafungwa kama ya soko. Hii ni ya wazee. Pigia babu yako simu kwanza."

Sikupiga. Nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa na salio, na sikupiga, kwa sababu niliona haya mbele ya Oscar kuonekana mtoto wa kuomba babu yake ruhusa. Oscar akakata kamba kwa wembe. Tukaitafuna ile miraa kwenye foleni ya pasi, pamoja na njugu, tukicheka kwa sauti. Karimi hakugusa hata jani moja. Kamba niliichukua nikafungia begi langu, maana zipu yake ilikuwa imekufa.

Nimefikiria sana juu ya ile simu. Babu angesema nini? Angeniambia niiache miraa hapo na niende nimwambie Anko kwa mdomo. Lingekuwa jambo la dakika moja.

Na hata bila kitita ningeweza kuja. Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Jumamosi tulienda Marangu kuona maporomoko, na tukapita Kiboriloni kwenda na kurudi. Katika kadi moja uliwahi kumwandikia Mama kwamba nyumba yenu iko nyuma ya kanisa, karibu na soko. Niliona soko. Niliona kanisa. Nikageuza uso upande wa pili, nikajiambia nitakuja kesho, nitatafuta cha kuleta badala ya kile tulichokula. Kesho yake ilikuwa Pasaka, na wenzangu wakasema gari la kwenda chemchemi za Chemka linataka watu wanne ndipo liwe nafuu. Basi nikaenda kuogelea. Siku ya Pasaka, Shangazi, ukiwa nyumbani kwako na watoto wako, mtoto wa kaka yako alikuwa anapiga mbizi na kupiga picha.

Kuna jambo lingine la Marangu sitalisahau. Mama mmoja wa huko aliyetuonyesha njia ya kwenda kwenye maporomoko alitusimamisha kwenye ua wa mimea ya sale. Alitueleza kwamba Mchagga aliyekosa akikuletea jani la sale limefungwa fundo, huwezi kumkataa, lazima mketi mzungumze. Sisi tukachuma jani tukapiga nalo picha. Ninayo bado kwenye simu. Nimelishika lile jani, meno yote nje, na mgongoni begi langu limefungwa kwa kamba ya Babu.

Mlima wenyewe ulijificha siku zote tulizokaa. Ulitokea Jumatatu asubuhi tukiwa tunapakia mizigo, mweupe kabisa, na wenzangu wakapiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Mimi nilikuwa nawaza nitamwambia nini Babu.

Alinipigia kwa simu ya Mama tulipofika Embu. Akaniuliza, "Ulimpa mkononi?" Nikasema nilimpa. "Aliifungua mbele yako?" Swali hilo sikulielewa, nikajibu kwamba sikuona, niliondoka mapema kwa sababu wenzangu walikuwa wakinisubiri. Akasema haya, asante, akakata. Ni uongo mdogo kwa maneno, Shangazi, lakini sijawahi kusema mkubwa kuliko huo.

Tangu siku hiyo Babu alianza kungoja. Sikujua anangoja nini, maana nilikuwa chuoni, ila Mama aliniambia mzee amebadilika. Alimwita fundi akapaka chokaa ile nyumba ndogo ya uani. Alinunua godoro, na bado liko ndani ya nailoni yake. Alifunga beberu mmoja pembeni akakataza mtu yeyote asimguse, hata fedha za karo ya dada yangu Kinya zilipopungua na Baba akataka kumwuza. Kila Jumamosi alivaa koti akaketi akitazama barabara. Mwezi wa sita akaacha kuvaa koti. Mwezi wa saba akapata kiharusi, upande wa kulia.

Nilikuja nyumbani kumwona hospitalini. Siku moja nikiwa nimeketi nje na Mzee Mutegi, akasema kwa masikitiko, "Ile ncoolo mliyopeleka kwa mume wa Kajuju, kumbe naye aliikataa." Nikamwuliza ncoolo ni kitu gani hasa, maana nilikuwa nimesikia neno tu kwenye harusi za watu. Alinitazama kama mtu anayetazama mgeni. Ndipo akanieleza mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Kwamba mtu akikuletea kitita kilichofungwa hivyo amekuita mketi mzungumze, na ukikifungua umekubali. Kwamba mwaka wa 2003 Anko Anaeli na wazee wake walitoka Moshi wakaleta ncoolo hapa, wakiwa wamefundishwa na rafiki zake wa Meru namna ya kuileta, na Babu akakataa kuifungua kwa sababu huyo si mtu wa kwetu. Ilikaa juu ya meza mpaka jioni, wakaondoka nayo, nawe ukaondoka nao. Na kwamba kwa desturi baba wa msichana hapeleki ncoolo kwa mkwe wake, hata siku moja, lakini mwaka huu Babu alisema atapeleka, na wazee wakimcheka wamcheke.

Shangazi, nilimwacha Mzee Mutegi hapo nikaenda kusimama peke yangu kando ya ua.

Alipotolewa hospitalini nilimwambia Babu kila kitu. Namanga, wembe, njugu, soko la Kiboriloni, chemchemi. Maneno yake sasa hutoka polepole, lakini akili iko sawa kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Miezi hii yote nilikuwa nikisema ni haki yake. Nilimrudishia yake, amenirudishia yangu." Akaongeza, "Kumbe hakuiona."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena, hawezi kufunga hata kifungo cha shati, na daktari hakutupa matumaini makubwa. Kile kitita tulichokula na njugu ndicho cha mwisho alichokifunga maishani mwake.

Kisha akaniuliza kamba iko wapi. Begi langu lilikuwa pale mlangoni, nikaifungua kutoka kwenye zipu nikampa. Oscar alikuwa ameikata upande mwingine, kwa hiyo fundo lenyewe liko vile vile alivyolikaza. Babu akalipapasa kwa mkono wa kushoto, akanirudishia. "Peleka hii," akasema.

Kwa hiyo ndani ya bahasha utaikuta. Imekauka na imechafuka, nisamehe, imezunguka na mimi kila mahali. Tafadhali mpe Anko Anaeli mkononi. Mwambie hatukuwahi kumsahau, na kwamba aliyechelewesha ni mimi, si baba yako. Akilifungua lile fundo, mtupigie simu kwa namba ya Mama niliyoandika nyuma ya karatasi hii. Na asipolifungua, Babu amesema tusimlaumu.

Baba anakusalimu, anasema bado ana kitabu chako cha nyimbo. Mama anakusalimu sana, na Kinya, na Mzee Mutegi. Msalimie binti yako Neema, na umsalimie Muthamia, umwambie kuna mzee hapa anayemtembeza mfukoni kila siku. Mungu awalinde nyote, abariki nyumba yenu na kila mlango mnaoupita.

Kesho asubuhi naenda Meru mjini kuipeleka barua hii posta. Leo peke yake Babu ameshaniuliza mara mbili kama imefika. Nimemwambia bado, na safari hii namwambia kweli.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye kabla hatujaonana,

Mutwiri Kiambi