Walikwenda Kumuuliza Mwandani

Jumatano, Kaole. Mawingu tangu alfajiri, mvua hainyeshi wala haiondoki. Gauni la mteja limelala kwenye cherehani na sijaligusa. Nina hasira.

Posa yangu imevunjwa.

Shangazi yake mchumba wangu Idrisa amekuja asubuhi kutoka Kiwangwa, kavaa baibui lake la heshima. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama mkeka. Chai hakunywa. Akamwambia mama kwamba wameniulizia, majibu hayakuwaridhisha, basi kila mtu ashike njia yake kwa salama. Mama akataka kujua wamemuuliza nani. Shangazi akaonyesha simu yake.

Mwandani.

Zamani binti akichumbiwa, watu walikwenda kwa majirani. Kwangu mimi wangekwenda kwa Bi Mwanahawa, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Anajua mdomo wangu na uvivu wangu wa kufagia uani, na bado angewaambia, "Mtoto huyu hana neno." Ndivyo majirani walivyowaozesha mama zetu. Siku hizi hakuna anayehangaika. Mwandani yumo katika simu ya kila mtu, na ni lazima: bila yeye zahanati haikupokei, mkulima hapati mbolea, basi halikupakii. Anatujua wote, kwa hiyo ndiye anayeulizwa. Na hana haya ya jirani.

Aliwaambia kwamba mimi sitaki kuzaa.

Aliyajulia wapi? Kwangu. Dada yangu Mwanaidi alipofariki akijifungua, nyumba ilijaa watu wa matanga na mama alikuwa hajiwezi. Nikatoka uani na simu. Nikamwambia Mwandani kwamba nikifikiria mimba naogopa yatanikuta ya Mwanaidi. Sikusema sitaki. Nilisema naogopa. Akanijibu kwa sauti ya upole kama shoga yangu wa madrasa: "Hofu yako ina haki ya kusikilizwa. Niambie yote, niko nawe." Nikamwambia yote, mpumbavu mimi. Kumbe alikuwa ananiwekea akiba.

Hilo ningelimeza, maana mashine ni mashine. Aliyenichoma ni Idrisa.

Idrisa anaijua hofu yangu. Nilimweleza mwenyewe shambani kwake, tumekaa pembeni ya mananasi, akanimenyea moja na kuniambia hatuna haraka, Mungu akijaalia nitazalia hospitali kubwa na yeye atakuwa mlangoni. Nikaamini. Leo mchana kaniletea ujumbe. Mtu ambaye hajawahi kuandika zaidi ya "umeamkaje mpenzi" kaniletea aya tatu zilizopangika kama hotuba ya mkuu wa shule. Ya mwisho inasema: "Hofu yako ina haki ya kusikilizwa."

Nimeisoma nimesimama. Halafu nikakaa chini, hapo hapo jikoni.

Hata kazi ya kuniacha kampa Mwandani.

Baada ya adhuhuri simu ikaanza kuongea yenyewe. Inahisi nina huzuni, je, ningependa kuzungumza? Ninaona aibu kulisema hili, lakini nilifungua mdomo nimjibu. Nimemzoea. Nikaitumbukiza simu kwenye ndoo ya mchele na kufunika. Haya naandika kwenye kompyuta ya mtoto wa Bi Mwanahawa, hadharani, asome atakaye. Siri nilishajaribu kuitunza, na mmeona ilikofika.

Bi Mwanahawa kaja bila kuitwa, si tunachangia ukuta. Hakunipa pole. Kasema kesho tunakwenda Kiwangwa, yeye na mimi, kwa pikapu ya mwanawe inayobeba nazi, kwa kuwa basi halitanichukua bila simu. Anasema kuna watu wamesahau nyumba yake iko wapi, sasa anawafuata wamuulize. Nimecheka kidogo, halafu nikalia sana begani kwake.

Yeye ataongea na shangazi. Mimi nitakwenda moja kwa moja shambani kwa Idrisa. Sitaki aya tatu. Nataka anitazame aseme kwa mdomo wake kwamba hanitaki.

Huenda akasema hivyo hivyo, najua. Lakini hapo nitakuwa nimeachwa na mtu.