Robo ya Unga kwa Kikombe cha Bati

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi, bado linakusumbua ukishuka mtoni? Na Sekela wangu, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima ila moyo umechoka, sitakuficha. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya Baba Mdogo husikilizwa na nyumba nzima, na hili sitaki mwanangu alisikie.

Unakumbuka Mama Sauda, mwenye jiko la keki ninakofanya kazi, alisema nikimaliza miezi ya majaribio salama atanipa chumba cha uani nimlete Sekela. Zilibaki wiki mbili tu. Jumatatu mizani ikaanguka ikavunjika, na keki ya harusi ilitakiwa kesho yake. Wenzangu wakahangaika. Mimi na kiherehere changu nikasema, "Kwetu Rungwe hatuna mizani na tunakula. Nipisheni."

Nikatoa kile kikombe cha bati ulichonifungia kwenye kanga siku naondoka. Robo ya sukari ya dukani hujaa humo hadi ukingoni, haizidi haipungui. Nikajiambia robo ni robo. Daftari la mapishi lilitaka kilo moja ya unga, nikachota vikombe vinne vya unga uliochekechwa, basi. Mama, unga ni mwepesi kuliko sukari! Sikuwaza hata kidogo. Keki ilipanda, halafu ikabonyea katikati, mafuta yakachuruzika pembeni. Mama Sauda aliitazama weee. "Atu, hii nampelekea nani? Hebu niambie, nampelekea nani?" Nililia mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Hakunifukuza, ila ni kama amenifukuza. "Ijumaa utanipikia nyingine, kwa kikombe hicho hicho ulichojisifia nacho," alisema. "Ikikaa sawa, chumba chako. Isipokaa, kusanya vyako mwanangu, tuagane kwa amani."

Jana nilikwenda kwa Mangi, mwenye duka la jirani, akaniachia nipimie mizani yake palepale dukani. Robo ya unga ikawa kikombe kimoja na nusu. Nikafurahi! Nikachota tena kimoja na nusu, uzito ukazidi robo. Mara ya tatu ukazidi zaidi. Mangi akacheka. "Sista, mbona unakigongagonga? Na hicho kichuguu juu cha nini?"

Ni mkono wako huo, Mama. Sokoni ulinifundisha kikombe hugongwa chini mara tatu kisha hujazwa mpaka kimwagike, mteja asije akasema sisi wachoyo. Tangu Jumatatu naogopa kupunguza, basi mkono umerudia ulichofundishwa. Nakusudia kukisawazisha juu kwa kisu, nashtuka nimeshagonga. Nimejaribu mpaka Mangi amenihurumia, na leo ni Jumatano. Sijui nifanye nini, Mama, kweli sijui.

Na si kazi ninayoililia. Kazi zipo, hata za kufua. Ninachoogopa ni Sekela kukua bila mimi. Lile gauni nililomshonea umesema halikupita hata mabegani. Nilikadiria kwa macho, na macho yangu bado yanamwona mtoto niliyemwacha miaka miwili iliyopita.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, dada yangu aliyejifungua, na mjomba fundi baiskeli, mwambie utani wake nimeukumbuka. Niombeeni Ijumaa.

Nina ombi moja. Msimamishe Sekela ukutani, chukua uzi, mpime toka kisigino hadi utosini, ufunge fundo, uniwekee kwenye bahasha umpe kondakta wa basi. Nikibaki hapa au nikifukuzwa, nataka kumjua alivyo sasa. Ila Mama, nakuomba sana, usiongeze cha ukarimu. Nipe kipimo chake kamili.

Mimi mwanao mwenye kiherehere,
Atupele