Nina Geneviève Wanne Darasani, na Mmoja Amekataa Kurudi

Mama Emérence, mimi ni msomaji wako wa kila mwezi, na mara nyingi nimecheka makosa ya wenzangu kwenye ukurasa huu, sasa zamu yangu imefika na hamu ya kucheka imeniisha, nakuomba unishike mkono. Ninafundisha katika shule ndogo ya misheni huku milimani Masisi, upande wa Lushebere, ingawa mimi mwenyewe ni mtu wa Walikale, nimezaliwa msituni kwenye joto, nikapandishwa huku mwaka juzi kwenye baridi ambayo sijaizoea mpaka leo, na jambo linalonisumbua ni msichana mmoja mwenye akili sana aliyeacha masomo, na aliyemwachisha ni mimi. Jina langu tafadhali usiliandike.

Nianze na majina, maana ndiko matata yalikoanzia. Kwenye mlima wetu mwanamke wa kwanza kubatizwa alikuwa Mama Geneviève Kamaliza, mama wa heshima, na kila msichana akipelekwa kwenye ubatizo wazazi wanamwomba huyu mama amsimamie, naye hajui kukataa, na desturi ya huku mtoto anachukua jina la aliyemsimamia, kwa hiyo darasani mwangu nina Geneviève wanne, wote wa mama mmoja wa ubatizo. Nikisema Geneviève njoo ubaoni, wanasimama wote wanne, au hasimami hata mmoja kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenzake, na siku moja nilimpiga mmoja kwa kosa la mwingine, nikaona haya. Ningewaita kwa majina ya nyumbani, lakini Papa Direkteri, mkubwa wa shule zetu, alipokuja kututembelea alisema wazi kwamba darasani mtoto Mkristo anaitwa kwa jina la ubatizo tu, ya nyumbani yabaki nyumbani, nami nikatii, tena kusema kweli nilifurahi, kwa sababu majina ya huku yananishinda ulimi.

Sasa, wazazi wa huku ni watu wema, wanajua mwalimu ni mgeni na hana shamba, basi kila Jumatatu mtoto anakuja na kitu kidogo cha mwalimu. Binti wa Papa Sebarenzi, mfugaji, analeta maziwa ndani ya kibuyu na kila mara ananieleza kwamba ni maziwa ya Bihogo, ng'ombe mwekundu ambaye hapendi kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa mama yake. Wa pili analeta maharagi, wa tatu analeta kuni, na kwa baridi hii kuni hizo ni rehema. Wa nne haleti kitu, baba yake alikufa, na mama yake, Mama Mukabaranga, analima peke yake kipande cha mteremko ambacho mvua inakichukua kidogo kidogo.

Jumatatu moja nikiwa nimepokea vitu hivyo na moyo wangu umefurahi, nilianza kuita majina, nikasema Geneviève wa Maziwa, akajibu, Geneviève wa Maharagi, akajibu, Geneviève wa Kuni, akajibu, watoto wakaanza kuchekelea, nikafika kwa wa nne, nikaona mikono yake haina kitu, na mdomo wangu ukasema, na Geneviève wa Bure. Darasa zima likaangua kicheko, na yeye pia alicheka kidogo, akasema niko, mwalimu. Nakuapia sikuwa na ubaya wowote moyoni. Na Mama, lazima nikiri kwamba ilifanya kazi vizuri, tangu siku ile hakuna aliyesimama kwa jina la mwenzake, nikajisifu kwamba nimepata dawa. Nje wakati wa mapumziko nilisikia wanamwita Bure tu bila Geneviève, nikawaza ni michezo ya watoto, itapita.

Haikupita. Mwezi wa kwanza nilitoa mtihani mkubwa wa hesabu, ule unaotuonyesha nani anaweza kwenda mbele, na yeye akawashinda wote, wavulana na wasichana, mpaka hesabu ya mifuko na vikapu ambayo mimi mwenyewe niliifanya mara mbili kabla ya kuandika ubaoni. Nikasimama mbele ya darasa na furaha yangu yote, nikasoma kwa sauti, wa kwanza ni Geneviève wa Bure. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala kwenye meza, na mimi nikapiga fimbo mezani, nikaona amekaa wima anaangalia chaki yangu, hakucheka safari hii. Kesho yake hakuja, wala wiki yake, wala iliyofuata.

Nikaenda kwao Jumamosi. Nilimkuta yeye na mama yake mbele ya mlango wanatoa maharagi kwenye maganda, mtoto hakuinua kichwa. Mama yake akasema, "Karibu, mwalimu. Unatafuta nani?" Nikasema natafuta Geneviève. "Geneviève gani? Huku ku mulima ba-Geneviève njo wengi." Nikasema yule wa darasa langu, mwenye akili ya hesabu. Akaniuliza tena, taratibu tu, "Ku masomo munamuitaka nani?" Mama Emérence, mtoto mwenyewe ndiye aliyejibu, macho bado kwenye maharagi, "Bananiitaka Bure, mama." Kumbe siku zote hizo hakuwa amemwambia mama yake.

Yule mama akasema, "Mutoto wangu haiko wa bure. Nilimuzaa, nikamupa jina, na ile jina iko. Ukisha kuijua, mwalimu, utarudia kumuita." Akaendelea na kazi yake. Sikupewa kiti, nikashuka mlima.

Baada ya Pasaka masista watapanda kuja kuchagua wasichana wa kwenda kuendelea na masomo misheni, na nafasi ni chache, na huyu kama hayuko darasani siku hiyo hawataweza kumchagua, atabaki kwenye ule mteremko maisha yake yote na mimi nitakuwa namwona kila nikienda kuteka maji. Nimewaza kumtuma mkatekista amwamuru mama amrudishe mtoto, maana yeye anaogopwa. Nimewaza pia kuwapa wote wanne namba, Geneviève wa kwanza mpaka wa nne, lakini nani akubali kuwa wa nne. Mwenzangu mmoja, Mwalimu Damien, ananishauri niombe msamaha mbele ya darasa, lakini mwalimu akimwomba mtoto msamaha leo, kesho nani atamwogopa? Na Papa Direkteri akisikia nimeita majina ya nyumbani, nitajibu nini? Nisaidie, Mama, silali vizuri.

Wako, mwalimu wa mlimani.

MAMA EMÉRENCE ANAJIBU

Mwalimu, jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Umeona jinsi ulivyolihurumia? Hutaki watu wa Lushebere na Masisi nzima wacheke wakilisikia. Basi wewe unajua vizuri sana jina la mtu linavyouma likichezewa, hatuna haja ya kufundishana hilo.

Nakuhurumia, tena si kidogo. Kijana mgeni, baridi, darasa limejaa, na watoto wanne wanasimama kwa jina moja. Mimi pia nimefundisha, kabla macho yangu hayajachoka, na mwaka mmoja nilikuwa na Anastasie sita kwa sababu padri alibatiza siku moja watoto wa vijiji viwili na alikuwa na haraka ya kuwahi mvua. Hakuna anayekulaumu kwa kuwatofautisha. Kuwatofautisha ni kazi yako. Nakulaumu kwa sababu ulitazama mikono yao, hukutazama nyuso zao.

Na sikiliza, huyo wa Bure siye peke yake uliyemkosea. Binti wa Sebarenzi, siku Bihogo akikauka maziwa, ataitwaje? Atakaa nyumbani yeye pia? Wale watatu umewafundisha kwamba mtoto ni kile kilicho ndani ya kibuyu chake, na somo hilo wamelielewa haraka kuliko hesabu zako. Wazazi wanakuletea vitu kwa wema, pokea, shukuru. Lakini kuanzia Jumatatu ijayo vitu hivyo viende nyumbani kwako baada ya masomo, wavilete wazazi, visionekane tena darasani. Anayeleta na asiyeleta wakae kwenye benchi moja bila mtu kujua.

Nimesoma barua yako mara tatu, natafuta kitu kimoja. Umenitajia jina la mama wa ubatizo. Umenitajia jina la mama wa mtoto na jina la Sebarenzi. Umenitajia hata jina la ng'ombe, na tabia zake za kukamuliwa! Jina la msichana huyo, lile alilopewa na mama yake, sijaliona popote. Yule mama alikupa dawa mwenyewe, mbele ya mlango wake, na wewe umeshuka mlima, ukatafuta kalamu, ukaniandikia mimi niliye mbali unaomba dawa. Kwa nini hukuuliza palepale? Neno moja tu: "Mama, anaitwa nani?" Ulimi wako ulikuwa na kazi gani siku ile?

Mkatekista mwache, hajafanya kosa lolote. Mtoto akirudishwa kwa amri atakaa darasani kama jiwe, na masista hawatafuti mawe. Namba umezikataa mwenyewe, vizuri, akili bado unayo.

Papa Direkteri usimwogope bure. Padri mwenyewe akibatiza humuuliza mzazi mtoto anaitwaje nyumbani, na hajawahi kuanguka. Mwambie hivi: nina Geneviève wanne, nilimpiga mmoja kwa kosa la mwingine, na kwa sababu ya kuwatofautisha vibaya nimempoteza aliye wa kwanza kwa hesabu, naomba ruhusa niwaite kwa jina la ubatizo pamoja na la nyumbani. Mwambie kabla hujaanza, usifanye kwa kujificha. Nimekutana na wakubwa wengi wa shule, wakali wote, na sijamwona hata mmoja anayependa kuwaeleza masista kwamba mwanafunzi wake bora yuko shambani. Akikataa, mwambie aniandikie mimi. Ukurasa huu una nafasi ya kutosha.

Sasa lile la msamaha, maana hapo ndipo unapoogopa kweli. Unauliza nani atakuogopa kesho. Mwalimu, ulimwaibisha mtoto mbele ya watu, halafu unaogopa kumwomba msamaha mbele ya watu haohao? Mwenzako Damien amesema kweli. Wale Anastasie wangu sita niliwaita kwa majina ya mama zao, na yalikuwa ya Kihunde na ya Kinyarwanda, na mimi si wa kabila hili wala lile, nikayatamka vibaya wiki nzima. Walinicheka sana. Walinisahihisha. Na nikikohoa tu, darasa lilinyamaza kama kawaida. Heshima haikutoka kwangu kwa sababu hiyo, na kwako haitatoka.

Fanya hivi, na usichague unalopenda ukaacha lingine. Kabla ya kitu chochote, usiende kwa Mama Kamaliza kuuliza jina hilo, wala kwa watoto wa darasani, ili ufike kwa Mukabaranga unajifanya ulikuwa unalijua. Yule mama atakutambua kabla hujamaliza salamu. Panda Jumamosi hii. Usibebe kitu, hata chumvi, hata sabuni. Najua unataka kubeba, umeshawaza. Usibebe. Nenda na mikono yako hivyohivyo, kama binti yule alivyokuja kwako kila Jumatatu.

Ukifika, msalimie mama, umwombe ruhusa, kisha uongee na mtoto mwenyewe. Usimwite Geneviève na usimwite binti. Mwambie ulikosea, mwambie ulimwaibisha siku ambayo alistahili kupigiwa makofi, na useme kwa maneno mafupi, bila kuingiza mambo ya baridi wala ya Walikale. Mwambie kwamba Jumatatu utasema maneno hayo mbele ya wote waliocheka, awepo asiwepo. Na Jumatatu useme kweli, hata benchi lake likiwa tupu. Usimtajie masista wala Pasaka, asije akadhani unamhitaji kwa ajili ya sifa za shule yako. Hiyo habari mpe mama yake mkiwa mnaagana.

Halafu muulize anaitwa nani, unyamaze. Inawezekana hatakujibu haraka. Kaa. Hata wasipokupa kiti, kaa chini, saidia kutoa maharagi kama watakuruhusu. Akikwambia, litamke. Utalikosea, kwa ulimi wako huo wa msituni. Akikusahihisha, rudia, akikusahihisha tena, rudia tena, na usishuke mlima mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba umelipata, "Njo vile, mwalimu."